Daftari Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kujiandaa Kuchangia Nyaraka za Programu Huria

Ukipanda gari ya shamba Darajani, ukafika Bububu na kukata kulia, haichukui muda umo Kizimbani, katikati ya mashamba ya viungo. Watazame vijana wanaotembeza wageni humo. Kijana haanzi kwa kusema, "Huu ni mdalasini." Anachimbua mzizi mdogo, anaukwaruza kwa kisu, anampa mgeni anuse. Mgeni anashangaa: mbona hii harufu ya dawa ya mafua? Ndipo anapoambiwa kuwa mti ni ule ule ambao gome lake hutiwa kwenye pilau. Mgeni huyo atarudi kwao na kuwasimulia wenzake bila kukosea, kwa sababu ameongozwa na mtu anayejua mgeni huanzia wapi na hupotelea wapi.

Kuandika nyaraka za programu ni kazi ya namna hiyo hiyo. Nakuandikia wewe unayesoma Skuli ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hapo Kizimbani, au uliye bwana shamba au bibi shamba, au kijana uliyewahi kuchukuliwa kwa wiki mbili kukusanya takwimu kwa simu ukalipwa posho. Umekwisha kutumia programu huria, pengine bila ya kulijua jina hilo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umeachwa wazi, kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. QGIS ya kuchorea ramani ni huria. DHIS2, ambamo takwimu za vituo vya afya vya Unguja na Pemba huingizwa, ni huria. Na ODK, ile ya kujazia dodoso kwenye simu, ni huria pia.

Wengi hudhani kuchangia programu hizi ni kazi ya waandika msimbo peke yao. Sivyo. Kila programu ina nyaraka zake: namna ya kuisakinisha, ya kuitumia, ya kufanya mambo yanapoharibika. Nyaraka hizo huandikwa na watu, huchakaa, na hutaka palizi kila programu inapobadilika. Anayejua magugu yameota wapi ni yule anayeshinda shambani.

Nitaitumia ODK kuwa mfano wetu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi za Kizimbani. Ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na haikuchukua muda ikawa mikononi mwa wahudumu wa mpango wa afya wa AMPATH magharibi mwa Kenya waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Sifa yake kubwa ni kwamba inafanya kazi pasipo na mtandao: unajaza dodoso shambani, unalituma ukifika penye mawimbi. Nyaraka zake zimewekwa wazi kwenye tovuti ya GitHub, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Yeyote, pamoja na wewe.

Chini ya mkarafuu

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa simu yenye dodoso la mihogo, nilikabidhiwa na karatasi moja ya maelekezo iliyochapwa na waliotutuma. Swali moja lilitaka alama ya mahali shamba lilipo. Karatasi ilisema: "Bonyeza, subiri usahihi ufike, hifadhi." Nilibonyeza nikiwa nimesimama chini ya mkarafuu, maana jua lilikuwa kali na mwenye shamba, bibi wa makamo, alikuwa amekaa hapo kivulini. Namba kwenye kioo ikaonyesha mita 18. Ikashuka 14. Ikapanda 21.

"Mwanangu, hiyo simu inaumwa?" bibi akaniuliza.

"Hapana bibi, inatafuta mahali tulipo."

"Tupo kwangu," akasema.

Robo saa ikapita. Mwishowe nikatoka nikaenda kusimama kwenye matuta ya mihogo, juani, na namba ikateremka hadi mita 4 kabla sijahesabu thelathini. Majani mazito ya miti huzuia na kutawanya mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti. Aliyeandika karatasi ile alikijua kitufe, lakini hakuwa amewahi kukibonyeza chini ya mti.

Sentensi iliyokosekana ni hii: "Toka chini ya miti, simama pahala unapoiona anga, kisha subiri mpaka namba ya mita ishuke hadi 5 au chini yake." Mstari mmoja tu. Ungemwokolea bibi yule robo saa, na ungewaokolea wenzangu wote siku nzima kila wiki. Mistari ya namna hii ndiyo inayohitajiwa na nyaraka nyingi duniani, na haitungwi na mtu aliyekaa ofisini penye umeme na mtandao usiokatika. Inatoka kwako.

Ndiyo maana nasema matayarisho ya kwanza, na kwa maoni yangu makubwa kuliko yote, ni daftari. Ugeni wako katika programu ni mali inayokwisha haraka. Siku ya kwanza unakwazika kila hatua. Siku ya kumi vidole vinakwenda vyenyewe, na huoni tena ulichokwazwa nacho. Basi anza kuandika siku ile ile unayoanza kutumia. Gawa ukurasa sehemu tatu: mwongozo ulisema nini, mimi nilifanya nini, kilitokea nini. Usiandike "haifanyi kazi". Andika: "Nilibonyeza kutuma, ikaja alama nyekundu, nikarudia mara mbili, ikakubali nilipofika barabarani." Juu ya ukurasa andika tarehe, aina ya simu, toleo la Android na toleo la programu yenyewe. Namba ya toleo ni jambo dogo linalosahauliwa na wengi, na bila ya hiyo wenye mradi hawawezi kujua kama wanatazama kitu kile kile unachokitazama wewe.

Na kama umeshaizoea programu, kopa ugeni wa mtu mwingine. Mpe simu mdogo wako au jirani ambaye hajawahi kuigusa, mfungulie ukurasa wa mwongozo, kisha kaa pembeni unyamaze. Utatamani kumsaidia. Usimsaidie. Kila anapokunja uso, andika alikuwa mstari gani. Nusu saa ya kunyamaza hivyo itakupa kazi ya mwezi mzima.

Kabla ya kubisha hodi

Ukishakuwa na daftari lenye kurasa nne au tano, sasa nenda kautazame mradi wenyewe. Mahala penye wenyewe huingii bila hodi, na miradi huria ina hodi yake. Karibu kila mmoja una faili liitwalo README, linaloeleza mradi ni wa nini. CONTRIBUTING, linaloeleza namna ya kuleta mchango. Na LICENSE, yaani leseni. Mingi ina pia kanuni za mwenendo. Soma yote. Ni kurasa chache, na wengi wanaorudishiwa michango yao hurudishiwa kwa sababu ya jambo lililokuwa limeandikwa humo waziwazi.

Leseni isome kwa makini zaidi. Unapotoa maandishi yako kwa mradi huria, unaruhusu watu wengine wayatumie, wayabadilishe na wayasambaze kwa masharti ya leseni hiyo. Kwa hiyo toa kilicho chako tu. Kama umeandika maelekezo ukiwa kazini, muulize kwanza mkubwa wako wa kazi. Usichukue kurasa za kitini cha mafunzo cha taasisi ukazipeleka kana kwamba ni zako. Wala usinakili kutoka kwenye kitabu.

Kisha liko jambo ambalo kwetu kisiwani lina uzito wa pekee: picha za kioo cha simu. Nyaraka hupendeza kwa picha, na ni rahisi mno kupiga picha ya dodoso lililojazwa likiwa na jina la mkulima, namba yake ya simu na alama ya shamba lake. Unguja ni ndogo. Jina la baba na shehia vinatosha kumtambulisha mtu hadi mlango wa nyumba yake. Mkulima alikupa habari zake kwa ajili ya utafiti wa mihogo, hakukupa uziweke mbele ya ulimwengu. Tengeneza dodoso la mfano, lijaze majina ya kubuni na namba zisizo za mtu, ndilo upige picha. Fanya hivyo hata kama una haraka.

Utazame pia kama mradi uko hai. Angalia mabadiliko ya mwisho kwenye nyaraka yalifanywa lini, na kama watu wanaoleta mapendekezo wanajibiwa. Mradi ambao haujaguswa miaka miwili hautakujibu, utavunjika moyo bure. Halafu tafuta kwenye orodha ya masuala yaliyoripotiwa kama ulilokutana nalo limeshasemwa na mwingine. Likiwa limeshasemwa, ongeza ushahidi wako hapo hapo badala ya kufungua jipya. Hakikisha vilevile kwamba unasoma nyaraka za toleo la sasa, maana baadhi ya miradi huacha kurasa za matoleo ya zamani zionekane.

Zana ni chache kuliko unavyodhani. Unahitaji akaunti ya GitHub au ya pahala popote mradi ulipowekwa, na kivinjari. Git yenyewe, chombo kilichotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 cha kutunza historia ya mabadiliko, utajifunza polepole. Kwa mchango wa kwanza huna haja ya kuisakinisha. Unafungua ukurasa wa nyaraka, unabonyeza alama ya kalamu, GitHub inakutengenezea nakala yako, unarekebisha humo, kisha unapeleka ombi la kuunganisha. Wenye mradi wanalisoma ombi, wanaweza kukuuliza au kukutaka ubadilishe kitu, na wakiridhika wanaliunganisha na asili. Njia hii ina faida nyingine: hulazimiki kupakua hazina nzima ya mradi yenye mamia ya picha ukamaliza bando lako.

Maandishi yenyewe huandikwa kwa alama nyepesi. Miradi mingi hutumia Markdown. Mingine, kama ODK na QGIS, hutumia reStructuredText. Kaa nayo jioni moja tu utaizoea. Ila kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Katika reStructuredText, kichwa cha habari hupigiwa mstari wa alama chini yake, na mstari huo lazima uwe mrefu sawa na kichwa au kukizidi. Kichwa chetu mara nyingi ni kirefu kuliko cha Kiingereza. Ukitafsiri maneno ukauacha mstari wa zamani, mfumo utalalamika na ombi lako linaweza kukwama. Hesabu herufi, urefushe mstari.

Lugha na mifano

Utauliza: niandike kwa lugha gani? Nyaraka kuu za miradi mingi ni za Kiingereza, na marekebisho ya kurasa hizo yatakutaka uandike Kiingereza. Usikiogope. Sentensi fupi zenye kitenzi kimoja ndizo zinazotakiwa, na mwenye mradi atarekebisha sarufi kwa furaha ikiwa habari ni ya kweli. Tafsiri ya Kiswahili ni mlango mwingine. Mara nyingi hufanywa kwenye majukwaa maalumu kama Transifex au Weblate, ambako unapewa sentensi moja moja.

Ukiingia mlango huo, ingia na faharasa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Zanzibar tunalo Baraza la Kiswahili, BAKIZA, tangu mwaka 1986. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watu wametangulia. Kabla ya kubuni neno, tazama wamelitumia lipi, tazama kamusi, tazama tafsiri iliyokwisha kuwemo kwenye programu. Kisha andika orodha yako ya maneno ishirini au thelathini na uishike.

Nisemapo uishike nina sababu. Kwenye ODK dodoso hupita hatua: linaweza kuwa rasimu, linaweza kuwa limekamilishwa likisubiri kutumwa, linaweza kuwa limeshatumwa. Ni hatua tatu mbalimbali. Sasa chukua maelekezo yanayosema mara "hifadhi", mara "wasilisha", mara "maliza", mara "peleka", kila ukurasa na neno lake. Msichana amejaza madodoso arubaini, amebonyeza "hifadhi" arubaini, anaamini yamefika. Yako kwenye simu. Simu ikianguka kisimani, wakulima arubaini watasumbuliwa upya. Neno moja kwa hatua moja, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama utaona unajirudia. Katika insha kujirudia ni kasoro. Katika nyaraka ni amana.

Mifano nayo ijaribu kwa mkono kabla ya kuipeleka. Dodoso la ODK hutengenezwa kwenye jedwali la Excel lenye karatasi mbili, survey na choices. Katika ile ya kwanza kuna safu za type, name na label. Ukitaka swali lisomeke kwa Kiswahili na Kiingereza, unaweka safu mbili za label, moja ikiandikwa label::Kiswahili (sw) na ya pili label::English (en), na mjazaji anachagua lugha kwenye simu. Keti utengeneze dodoso dogo la maswali matano kuhusu shamba la muhogo: aina ya mbegu, miezi tangu kupandwa, kama majani yana madoa, ukubwa wa shamba, alama ya mahali. Hata mbegu yenyewe unaweza kuiorodhesha kwa majina ya hapa. Ipo aina iitwayo Kizimbani.

Swali la ukubwa litakufundisha zaidi ya yote. Madodoso mengi huuliza hekta. Mkulima wetu anahesabu kwa eka, na wako wengi ambao shamba lao ni lile la eka tatu lililogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka tatu ni kama hekta 1.2. Mjazaji akiandika 3 kwenye kisanduku cha hekta, shamba limekua zaidi ya maradufu na hakuna atakayejua. Mfano wa swali linalouliza kwanza kipimo, kisha kiasi, na kikokotoo kikafanya hesabu, ni mchango halisi utakaomfaa na mtu wa Kisumu, Mbale au Bukavu.

Ujumbe wa kwanza

Chagua kitu kidogo. Kiungo kilichokufa, hatua iliyorukwa, picha ya kioo cha zamani. Miradi mingine huyawekea alama masuala yanayofaa wageni, anzia hapo. Pamoja na ombi lako peleka ujumbe mfupi wenye mambo matatu: nini umebadilisha, kwa nini, na umejaribu vipi. Kwa mfano: "Nimeongeza sentensi moja kwenye hatua ya nne kuhusu kusimama mbali na miti. Nimejaribu katika shamba la mikarafuu Unguja kwa simu mbili. Chini ya miti usahihi haukupungua chini ya mita 14, pembeni ulifika mita 4." Mtu aliye mbali akisoma maneno hayo hana haja ya kukujua ili akuamini.

Usilete mabadiliko ya kurasa thelathini kwa mara moja. Hata kama yote ni mazuri, anayeyapitia ana saa moja ya kujitolea baada ya kazi yake, na atayaweka kando.

Halafu subiri. Wenye mradi wako majira mengine ya saa. Wakikualika kikao cha 15:00 UTC, ongeza saa 3 upate 18:00, nayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni, karibu na Magharibi. Waambie mapema kama hutaweza. Wiki ikipita kimya, kumbusha mara moja kwa adabu. Wakikusahihisha, usione umevunjiwa heshima. Mimi ombi langu la mwanzo lilirudi na masahihisho saba kwa sentensi nne, na nilikaa siku mbili bila kulifungua. Nilipolifungua nikaona sita kati ya hayo saba yalikuwa kweli. La saba nilieleza kwa nini sikubaliani, na wakakubali.

Sasa, ndugu yangu, daftari la mistari linauzwa kila duka. Safari yako ijayo ya shamba, litie mfukoni pamoja na simu, na mahali pa kwanza utakapokwama, kabla hujamwuliza mtu, andika ulikuwa umesimama wapi na kioo kilisema nini. Ukifika nyumbani, tafuta ukurasa wa mwongozo unaohusika na uwapelekee wenyewe sentensi hiyo.